Nunueni utunzaji, msinunue kufuli

Barua ya wazi kwa Wakurugenzi wa Halmashauri, Waheshimiwa Madiwani, Waganga Wakuu wa Wilaya, na wasimamizi wa hospitali za mashirika ya dini na za binafsi katika Musoma, Bunda na Butiama

YAH: PROGRAMU ZA KUIFANYA MIFUMO YETU YA AFYA ISOMANE



Mama mjamzito wa kijijini Butiama huanza kliniki kwenye zahanati ya jirani. Presha ikipanda, anapelekwa hospitali ya wilaya. Ikizidi, gari linashuka naye hadi Musoma, kwenye Hospitali ya Rufaa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere pale Kwangwa, jengo ambalo sisi wakazi tulilitazama likiwa gofu kwa miongo kabla ya kupokea wagonjwa. Hali ikiwa ngumu zaidi, safari inapita Bunda kwenda Bugando, Mwanza. Katika vituo vyote vinne, kitu cha uhakika kinachosafiri naye ni kadi ya kliniki iliyofungwa kwenye pindo la khanga. Kadi ikilowa mvua au ikisahaulika kitandani, daktari wa zamu anaanza upya: kundi gani la damu, mimba ya ngapi, ametumia dawa gani, lini.

Nimetunza takwimu za afya katika mkoa huu kwa zaidi ya miaka 20. Nilianza na vitabu vya MTUHA, tukipiga vijiti vitano vitano kwenye karatasi za kujumlishia na kukesha kila mwisho wa mwezi ili ripoti iwahi wilayani. Leo kompyuta zipo, ila bado naona jambo linaloniumiza. Mhudumu anasoma kwenye skrini moja na kuandika kwenye nyingine. GoTHOMIS ya TAMISEMI, ya kuandikisha wagonjwa, iko hapa, DHIS2 ya Wizara ya Afya, ya ripoti, iko pale, maombi ya dawa yako kwenye eLMIS, wagonjwa wa kliniki za VVU (CTC) wana kanzidata yao, na madai ya bima ya NHIF yana mlango wake. Mgonjwa mmoja anaandikwa mara tatu au nne, na kila anaponakiliwa kuna nafasi ya kosa.

Rais Samia Suluhu Hassan ameagiza mifumo ya Serikali isomane. Neno hili sasa linatumika hadi kwenye vikao vya kata, na nalipenda kuliko maneno mengine yote ya TEHAMA, kwa sababu linataja jambo lenyewe: mfumo mmoja uweze kusoma kilichoandikwa kwenye mwingine, bila binadamu kukaa katikati akinakili. Ninachowaandikia ni kuhusu programu ya katikati, ile inayofanya kazi hiyo badala ya binadamu. Kila msimu wa bajeti unapokaribia, wauzaji huja na kompyuta zao mpakato na michoro ya rangi, na mara nyingi nyinyi mnaoamua hamna mtu wa kuwaambia tofauti iliyopo kati ya kukodi na kumiliki.

Kwa maneno machache, njia ziko mbili. Ya kwanza ni huduma inayosimamiwa na kampuni. Programu inakaa kwenye seva zao, mafundi ni wao, na nyinyi mnalipa kila mwezi au kila mwaka. Fivetran ya Marekani ni mfano unaojulikana sana duniani, na bei yake hufuata idadi ya mistari ya taarifa iliyoongezwa au kubadilika ndani ya mwezi. Ya pili ni programu huria, ambayo chanzo chake kiko wazi, mtu yeyote anaweza kuichukua, kuisoma, kuirekebisha na kuiweka kwenye seva yake bila kununua leseni. Apache NiFi ni ya aina hiyo. OpenHIM, inayotunzwa na Jembi ya Afrika Kusini na iliyotengenezwa hasa kwa ajili ya mifumo ya afya, nayo ni ya aina hiyo.

Natambua kwamba vituo vya umma havina uhuru wote wa kuchagua. Sheria ya Serikali Mtandao Namba 10 ya 2019 inaipa Mamlaka ya Serikali Mtandao usimamizi wa mifumo ya umma, na Mamlaka hiyo imejenga GovESB, mfumo wake wa taasisi kubadilishana taarifa. Hilo ni jema. Lakini hospitali za mashirika ya dini na za binafsi huchagua zenyewe, na wagonjwa wao ni walewale wa zahanati za Serikali. Hata kwenye halmashauri, mkataba wa matengenezo, nani anashika nywila, nakala ya akiba inakaa wapi, hayo mnayaamua nyinyi.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe, kwa sababu ndipo bei za vipeperushi zinapoacha kusaidia.

Programu ya katikati haibebi taarifa tu kama gari linavyobeba magunia. Inatafsiri. Kitabu cha wagonjwa wa nje kinasema mtoto amezaliwa tarehe fulani na kipimo cha haraka cha malaria kimeonyesha anayo. Mfumo wa wilaya haumtaki mtoto huyo. Unataka idadi: waliothibitishwa kuwa na malaria, walio chini ya miaka 5, mwezi huu, kituo hiki. Lazima mtu aandike kanuni ya kugeuza tarehe kuwa rika, na rika kuwa hesabu. Kituo kikibadilisha jina au kata ikigawanywa, kanuni ibadilike siku hiyohiyo. Butiama yenyewe ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Musoma Vijijini hadi 2012, na tulioandaa ripoti kipindi kile tunajua ilivyokuwa kazi kulinganisha takwimu za kabla na za baada.

Gumu kuliko yote ni majina. Bhoke akija kutoka Tarime, karani wa Musoma anaweza kumwandika Boke. Mugesi anakuwa Mgesi. Jina moja hubadilishwa r na l kulingana na masikio ya aliyeandika, na watoto wengi hawana namba ya NIDA ya kutuokoa. Mfumo usiojua hayo utamhesabu Bhoke kama watu wawili, mmoja mwenye historia ya kifafa cha mimba na mwingine asiye na historia yoyote. Anayeweza kuandika kanuni ya kuwatambua kuwa ni mtu mmoja ni mtu aliyekulia hapa, au aliyekaa na makarani wetu akawasikiliza. Na anahitaji programu inayomruhusu kufungua na kuiandika kanuni hiyo.

Hapo ndipo huduma nyingi za kukodi zinapotuacha. Wauzaji wake hujivunia mamia ya viunganishi vilivyokwisha kutengenezwa, na ni kweli vipo: vya Salesforce, vya Shopify, vya matangazo ya Google. Ni mifumo ya wafanyabiashara wa Ulaya na Marekani. Muuzaji akija ofisini kwenu, mwulizeni mapema kabisa kama GoTHOMIS imo kwenye orodha yake, kama eLMIS imo, kama madai ya NHIF yamo. Kama hayamo, mtakuwa mnalipia mamia ya milango ya nyumba za watu wengine, na ule mlango mmoja mnaouhitaji utachongwa kwa malipo ya ziada.

Kisha kuna dola. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilinunuliwa kwa takriban shilingi 2,300. Katikati ya 2024 ilikuwa imepita 2,600. Hospitali iliyofunga mkataba kwa dola iliona bili ikipanda bila kuongezewa huduma yoyote. Na bili inayofuata mistari ya taarifa hupanda pia mvua za masika zinapoleta malaria, yaani mwezi uleule ambao dawa na watumishi vinahitaji fedha zaidi. Intaneti nayo hukatika. Siku ya Mei 12, 2024, nyaya mbili za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Mnakumbuka simu zilivyozunguka bila kufungua kitu. Taarifa za mgonjwa wa Bunda zikilazimika kwenda kwenye seva iliyo Ireland ndipo zirudi Musoma, siku kama ile hazifiki.

Sheria nayo inauliza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Namba 11 ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti na inaweka masharti ya kuzisafirisha nje ya nchi. Anayetia saini mkataba wa kukodi ajue seva iko nchi gani. Wengi wanaotia saini hawajui, na hawajaambiwa kwamba wana haki ya kuuliza.

Hata hivyo, nisingekuwa mkweli kama ningeishia hapo, maana nimeona pande zote mbili zikianguka.

Nimewahi kufanya kazi mahali palipokodi mfumo wa wagonjwa kutoka kampuni ambayo sitaitaja. Bei ilipandishwa, uongozi ukakataa, na baada ya majadiliano marefu huduma ikafungwa. Taarifa za miaka kadhaa tulirudishiwa kama kurasa za kuchapisha, maelfu, zisizoweza kuingizwa kwenye mfumo mwingine wowote. Tulikaa wiki nyingi tukiandika upya kwa mkono, tukianza na wajawazito na wagonjwa wa dawa za kila siku, kwa sababu hao hawakuweza kusubiri. Mkataba haukuwa na neno hata moja kuhusu siku ya kuachana.

Nimefanya kazi pia mahali pengine ambapo tulitumia programu huria. Kijana mmoja hodari aliiweka kwenye kompyuta iliyokuwa chini ya meza, ikafanya kazi vizuri karibu mwaka mzima, na sote tulimsifu. Akapata ajira Dodoma. Aliondoka kwa heshima, lakini nywila zilikuwa kichwani mwake na hakuna aliyemtaka aziandike. Umeme ulipokatika na kurudi kwa nguvu, diski ikafa. Nakala ya akiba ilikuwa kwenye diski hiyohiyo. Jukumu la kuuliza kuhusu nakala lilikuwa langu, na sikuuliza. Programu ilikuwa ya bure, na hasara ikawa sawa na ile ya kukodi.

Wavuvi wetu wa Mwigobero wanalielewa jambo hili kuliko maofisa wengi. Mwenye kukodi mtumbwi hulipa hata siku ambayo ziwa limemnyima. Mwenye mtumbwi wake hana kodi, lakini bila fundi wa kuziba mianya kila msimu, maji yataingia.

Wapo watakaosema kwamba programu huria ni vitu vya majaribio, havifai kwa kazi kubwa. Mfumo ambao wilaya zetu zote hutumia kutuma ripoti, DHIS2, ni programu huria. Mbegu yake ilipandwa Afrika Kusini miaka ya 1990, baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, leo inatunzwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na inatumika katika nchi zaidi ya 70. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni mshirika wa siku nyingi katika mtandao wake. Kenya iliisambaza nchi nzima mwaka 2011. Tena kuna IMIS, iliyoanza hapahapa Tanzania, mkoani Dodoma mwaka 2012, kwa ajili ya wanachama wa Mfuko wa Afya ya Jamii. Ilifika hadi Nepal, na baadaye ikafanywa kuwa huria na kuitwa openIMIS. Kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya mkulima wa Dodoma kinamhudumia mkulima wa Himalaya, na leo chanzo chake kiko wazi. Najivunia hilo, na nashangaa jinsi linavyotajwa mara chache.

Mtoto wa Butiama, Mwalimu Nyerere, alimtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili, tamthilia ya kwanza ikitoka mwaka 1963, na hakuhitaji kibali cha kampuni yoyote kulifungua andiko lile na kuliweka katika lugha ya watu wake. Nafasi ya namna hiyo ndiyo naitaka kwa vijana wetu wanaosoma kompyuta UDOM na Mbeya.

Lakini neno huria lisiwalaze usingizi. Talend Open Studio, iliyotumiwa kwa miaka mingi kuunganisha taarifa, ilisitishwa na wenye nayo Januari 2024. Mirth Connect, ambayo hospitali nyingi duniani huitumia kupeleka majibu ya maabara, ilitangazwa Machi 2025 kwamba matoleo yake mapya yatakuwa ya kulipia. Waliokuwa na mafundi walilichukua toleo la mwisho lililokuwa huria wakaliendeleza kwa jina la Open Integration Engine. Wasiokuwa na mafundi walibaki na mambo mawili, kulipa au kuendelea na toleo linalozeeka. Leseni iliwapa wote haki ileile. Walioweza kuitumia ni wale waliokuwa na watu.

Na mfadhili naye ni mwenye nyumba. Januari 20, 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai 1 mwaka huohuo USAID haikuwepo tena kama shirika linalojitegemea. Watunza takwimu waliokuwa wakilipwa kwa miradi walirudi nyumbani, katika nchi nyingi za Afrika. Programu nyingi walizoziacha zilikuwa huria. Zilibaki kwenye seva, bila mtu wa kuzitazama.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kwa taarifa za wagonjwa, programu ya katikati iwe huria na ikae kwenye seva iliyo ndani ya nchi. Ya vituo vya umma, kwa utaratibu wa Mamlaka ya Serikali Mtandao. Fedha mliyookoa kwenye leseni msiipeleke kwenye semina. Itumieni kulipa mishahara ya mafundi wawili, na nasema wawili kwa sababu ya kijana yule aliyehamia Dodoma: mmoja akiondoka, wa pili abaki na funguo. Halmashauri moja haiwezi kuwabeba. Musoma, Bunda na Butiama kwa pamoja, na hospitali za mashirika ya dini zikichangia sehemu yao, zinaweza. Wakae Musoma, wazunguke, na wawe watumishi wa kudumu, wasiwe watu wa posho za mradi.

Kama kuajiri kutachelewa, nunueni utunzaji kutoka kampuni ya hapa nchini inayojua programu huria mliyoichagua. Hiyo nayo ni huduma ya kulipia, na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na kufuli, yaani mkataba unaowafungia taarifa zenu. Mkataba useme kwamba taarifa zote zinaweza kutolewa siku yoyote katika muundo ambao mfumo mwingine unausoma. Kwamba kanuni zilizoandikwa kwa ajili yenu, ile ya Bhoke na Boke ikiwemo, ni mali yenu. Na kwamba nywila kuu iko ndani ya bahasha kwenye kasha la Mganga Mkuu. Kampuni ikikataa mojawapo, mmeshajua inauza nini.

Zahanati ndogo ya binafsi yenye muuguzi mmoja na kompyuta moja ikodi tu. Siwezi kumtaka muuguzi huyo atunze seva usiku. Vivyo hivyo barua pepe za ofisi, tovuti, na ujumbe mfupi wa kuwakumbusha wajawazito tarehe ya kliniki. Lakini hata huyo anayekodi, kabla ya kutia saini, ajaribu kuondoka. Aingize wagonjwa kumi wa kubuni, kisha aombe kutoa taarifa zao zote. Akipewa karatasi za kuchapisha, arudishe kalamu mfukoni.

Nanyi wengine fanyeni zoezi la namna hiyo kila baada ya miezi mitatu. Chukueni nakala ya akiba, iwekeni kwenye kompyuta nyingine kabisa, mkamtafute humo mgonjwa mmoja mnayemjua. Akipatikana, mna mfumo. Zoezi linachukua asubuhi moja. Mimi lingeniokoa.

Waheshimiwa Madiwani, ombi langu la mwisho ni kwenu. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na rasimu za bajeti huanza kuandikwa miezi mingi kabla. Rasimu yenu ikiletwa mezani, tafuteni mstari wa mafundi wawili wa kuunganisha mifumo ya afya. Usipokuwepo, mwulizeni Mkurugenzi uko wapi, na msiipitishe mpaka awajibu. Vikao vya baraza viko wazi kwa wananchi. Siku hiyo nitakuwepo.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,
Mtunza takwimu mstaafu
Musoma